Tumshukuru Mungu: Safari ya Itikio Tunalolizoea

Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wote, kila Dominika, kabla hatujatoka kanisani, tunakuwa tumeitikia "Tumshukuru Mungu" angalau mara tatu: baada ya somo la kwanza, baada ya somo la pili, na pale kuhani au shemasi anapotuaga twende na amani. Tumelizoea itikio hili kiasi kwamba ulimi hulitamka wakati mawazo yamekwisha kutangulia nje, yakitafuta usafiri au kuwaza chakula cha mchana.

Majuma machache yaliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alitusubiri mlangoni pa kanisa. Siku chache kabla alikuwa amemzika mwanawe. Akatuambia kwa sauti ya chini: "Padre, leo tulipofika pale pa kumshukuru Mungu, kinywa kimegoma. Nimenyamaza. Je, nimetenda dhambi?" Watu walikuwa wengi na Misa ya pili ilikuwa inakaribia. Tukamjibu kwa haraka kwamba ajikaze, amshukuru Mungu kwa yote. Aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Tangu siku ile jibu letu limekuwa likitusumbua. Halikuwa la uongo, lakini lilikuwa jepesi mno kwa mzigo aliokuwa ameubeba. Tafakari ya juma hili ni jaribio la kumjibu upya. Tumeona vema tuulize kwanza waliotutangulia katika imani: je, wao walilitamka neno hili wakiwa katika hali gani, nalo lilikuwa na maana gani vinywani mwao?

MAHAKAMANI KARTHAGO

Itikio letu ni tafsiri ya maneno mawili ya Kilatini, Deo gratias. Kumbukumbu mojawapo ya kale kabisa ya maneno hayo kutamkwa na Wakristo inatoka katika bara letu la Afrika, tena inatoka mahakamani.

Tarehe 17 Julai mwaka 180, katika mji wa Karthago, ambao magofu yake yapo hadi leo kando ya jiji la Tunis nchini Tunisia, kundi la Wakristo lilisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi aliyeitwa Saturninus. Walioandikwa katika hukumu ile ni watu 12, wanaume 7 na wanawake 5. Walitoka katika mji mdogo, na Kanisa huwaita Wafiadini wa Scilli. Msemaji wao alikuwa Speratus. Liwali alipowauliza wana nini katika kisanduku walichokibeba, Speratus alimjibu kwamba ni vitabu pamoja na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Liwali akawapa nafasi ya siku 30 wafikiri upya. Wakaikataa. Ndipo hukumu ikasomwa kwamba watauawa kwa upanga.

Mmoja wao, Nartzalus, alisema kwamba siku ile ile watakuwa mashahidi mbinguni, akaongeza: Deo gratias. Na jina la kila mmoja lilipokwisha kutangazwa, wote kwa pamoja wakaitikia: Deo gratias.

Hebu tusipite hapa upesi. Watu hawa hawakuwa wanaushukuru upanga, wala hawakuwa wanamshukuru Mungu kwa sababu liwali ametenda haki. Mapema katika kesi hiyo hiyo, Speratus alikuwa amekwisha kueleza kwamba hawajamdhuru mtu yeyote, na kwamba hata walipotendewa vibaya waliendelea kushukuru. Maana yake ni kwamba neno walilolitamka siku ya hukumu hawakulibuni siku ile. Lilikuwa neno lao la kila siku, la shambani na sokoni na mezani, nalo likawafuata hadi mahakamani kama vile jina la mama linavyomjia mtu kinywani anaposhtuka usiku. Kama wangengoja siku ya upanga ndipo wajifunze kushukuru, wangekuwa wamechelewa.

ASKOFU NA YULE ALIYEPEWA UPANGA

Baada ya miaka 78, katika mji ule ule, neno lile lile lilisikika tena. Mtakatifu Sipriani alikuwa askofu wa Karthago tangu karibu mwaka 249. Katika miaka ya uaskofu wake tauni iliingia mjini, watu wakawa wanawakimbia hata jamaa zao wenyewe, na maiti zikabaki barabarani. Sipriani aliwakusanya waamini wake akawafundisha kwamba wasiwahudumie Wakristo wenzao tu, bali wawatendee mema hata wapagani, wakiwemo wale waliokuwa wakiwatesa.

Tarehe 14 Septemba mwaka 258 alipelekwa mbele ya liwali Galerius Maximus. Hukumu ilikuwa fupi: akatwe kichwa. Jibu la Sipriani nalo lilikuwa fupi: Deo gratias. Kisha, alipofika mahali pa kuuawa, akaagiza watu wake wampe yule aliyepewa kazi ya kumwua vipande 25 vya dhahabu.

Sisi Waswahili tuna methali isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Twaitumia kumlaumu mtu aliyetendewa wema akalipa ubaya. Kwa Sipriani tunaona kinyume chake kabisa: anatendewa ubaya, naye analipa wema. Hapa ndipo tunapoanza kuona jambo ambalo safari yote ya neno hili itatuthibitishia. Shukrani ya Kikristo haikomei kinywani. Aliyemshukuru Mungu kwa kweli hutafutwa mara moja na swali jingine: sasa mikono yako itampa nani nini?

NENO JEMA LAWEZA KUHARIBIWA

Historia ya Kanisa, hata hivyo, inatuonya pia. Mwanzoni mwa karne ya 5, Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walikuwa wamegawanyika. Watawa Wakatoliki walikuwa na desturi ya kusalimiana kwa Deo gratias. Wadonati, yaani wale waliojitenga, waliwacheka kwa salamu hiyo. Wao walikuwa na makundi ya watu waliotembea na marungu, na kilio chao kilikuwa Deo laudes, maana yake "sifa kwa Mungu".

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, alipokuwa akiwafafanulia waamini wake zaburi ile inayosifu uzuri wa ndugu kukaa pamoja kwa umoja, aliigusia habari hiyo. Aliuliza kama kuna kosa gani ndugu akimwona ndugu yake aishiye katika Kristo akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha akawaeleza wenye dhihaka kwamba wao wanaicheka shukrani ya Wakatoliki, ilhali watu wanalia wanaposikia sifa zao. Wapendwa, hilo ni neno zito. Neno takatifu lilikuwa limegeuka kuwa tishio, kwa sababu waliolitamka walikuwa na rungu mkononi.

Nasi tujihoji. Mfanyakazi wa nyumbani anapomsikia mwajiri wake akiomba sala ya shukrani kabla ya chakula, ilhali mshahara wake wa miezi mitatu haujalipwa, anasikia nini? Mke anapomsikia mumewe akitoa ushuhuda wa shukrani katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na usiku uliopita alipigwa, anasikia nini? Afadhali anayenyamaza kwa uchungu kuliko anayeshukuru kwa sauti kubwa huku jirani yake analia kwa ajili yake.

ASKOFU ALIYEITWA DEOGRATIAS

Tarehe 26 Septemba mwaka 426, Augustino, akiwa mzee wa miaka 71, aliwakusanya watu wa Hippo na kuwatajia padre ambaye angependa awe mrithi wake. Waandishi waliokuwepo waliandika kila kitu, hata vigelegele vya watu. Wameandika kwamba waamini walipaza sauti ya kumshukuru Mungu na kumsifu Kristo mara 23. Ilikuwa siku ya furaha. Hakuna aliyejua kwamba miaka minne baadaye mji huo utakuwa umezingirwa na jeshi la Wavandali, na kwamba Augustino angefariki dunia humo tarehe 28 Agosti 430, adui akiwa nje ya kuta.

Mwaka 439 Wavandali waliiteka Karthago. Askofu wake alitupwa baharini pamoja na mapadre wengi katika merikebu mbovu, nao kwa rehema ya Mungu wakafika Napoli salama. Kanisa la Karthago likakaa miaka 15 bila askofu. Hatimaye, mwaka 454, mfalme Geiseric aliruhusu askofu awekwe, naye aliyewekwa alikuwa mzee mmoja. Jina lake lilikuwa Deogratias.

Ndiyo, wapendwa, ni jina lile lile ambalo wengi wenu mmewapa watoto wenu, na ambalo mitaani tunalifupisha na kuita "Deo". Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walipenda majina yaliyo sentensi nzima ya imani. Mtoto wa Augustino aliitwa Adeodatus, maana yake "aliyetolewa na Mungu". Askofu yule aliyefukuzwa aliitwa Quodvultdeus, maana yake "apendalo Mungu". Sisi nasi tunaye Shukuru, na ndugu zetu Wachaga wanaye Aikaruwa, kwa kuwa aika kwao ni asante na Ruwa ni Mungu. Kumpa mtoto jina la namna hiyo ni kumpa wito.

Deogratias wa Karthago aliuishi wito wake. Mwaka 455 Wavandali waliivamia Roma, wakaipora kwa siku 14, wakarudi Afrika na merikebu zilizojaa mateka. Walipofika pwani waligawana watu kama wanavyogawana nyara. Mume akaenda upande huu na mke upande ule. Mtoto akatenganishwa na wazazi wake. Sisi wa pwani hii ya Afrika ya Mashariki, tunaojua misafara iliyoishia Bagamoyo na soko la Zanzibar, hatuhitaji kusimuliwa zaidi sauti za siku ile zilikuwaje.

Askofu huyo mzee alifanya nini? Alichukua vyombo vyote vya dhahabu na fedha vilivyotumika katika ibada akaviuza, ili awakomboe mateka na kuziacha familia zibaki pamoja. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwaweka watu wengi hivyo, aliyafungua makanisa makubwa mawili, akayajaza vitanda na majani makavu ya kulalia. Wengi walikuwa wagonjwa kwa sababu ya safari ya baharini na ukatili wa utumwa. Deogratias, ingawa umri ulikuwa umemlemea, alizunguka pamoja na waganga kitanda kwa kitanda, chakula kikifuata nyuma yake, na usiku alirudi tena kumwuliza kila mmoja anaendeleaje. Alifariki dunia mwaka 457, baada ya kuwa askofu kwa muda wa miaka mitatu hivi. Habari zake tumeachiwa na mwandishi Victor wa Vita, aliyeandika katika karne ile ile.

Tuangalie vema. Vyombo vile vilikuwa vya Ekaristi, na neno Ekaristi kwa Kigiriki lina maana ya "shukrani". Deogratias aliuza vyombo vya shukrani, lakini shukrani yenyewe hakuiuza. Aliihamisha kutoka altareni akaipeleka kwenye vitanda vya mateka. Wala hatusomi kwamba aliwaambia mateka wale wamshukuru Mungu kwa kuwa utumwani. Utumwa aliutolea fidia ili uondoke. Shukrani yake kwa Mungu ndiyo iliyomkataza kuuzoea uovu.

BAWABU NA OMBAOMBA

Pengine msomaji atasema: hao ni maaskofu na wafiadini, sisi ni watu wa kawaida. Basi tuwatazame wawili ambao kazi zao zilikuwa za kawaida kabisa.

Katika karne ya 6, huko Italia, Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni ambayo watawa wake wanaifuata hadi leo, wakiwemo wale wa Ndanda, Peramiho na Hanga hapa kwetu Tanzania. Sura ya 66 inamhusu bawabu wa monasteri. Awe mzee mwenye busara. Na mara tu mtu anapobisha, au maskini anapoita, bawabu aitikie kwanza Deo gratias, au aombe baraka, kisha ajibu haraka kwa upendo. Kwa lugha yetu twaweza kusema hivi: mtu akipiga hodi, bawabu anamshukuru Mungu kabla hajajua ni nani aliyekuja na anataka nini. Huenda ni mgeni mwenye zawadi, huenda ni mwenye njaa, huenda ni msumbufu wa jana aliyerudi. Shukrani inatangulia, mlango unafuata. Ni mara ngapi sisi, tunaposikia hodi saa ya kupumzika, jambo la kwanza kututoka ni mguno?

Karne kumi baadaye, mkulima mmoja wa Cantalice, aitwaye Felix, aliyezaliwa mwaka 1515, alijiunga na Ndugu Wakapuchini. Alipelekwa Roma, na kwa muda wa miaka karibu 40 kazi yake ilikuwa moja: kupita mitaani na mfuko begani kuwaombea ndugu zake mkate, na kuwagawia maskini na wagonjwa. Kwa kila alichopewa alijibu Deo gratias. Alilirudia neno hilo kiasi kwamba watoto wa Roma walimpachika jina la "Ndugu Deo Gratias", wakawa wanamkimbilia wakilipigia kelele. Alifariki tarehe 18 Mei 1587, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1712. Hakuacha kitabu kikubwa wala hakujenga kanisa. Aliacha neno moja katika vinywa vya watoto wa mitaani.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, shukrani ni mazoea yanayojengwa katika mambo madogo. Tusingoje ushindi wa mtihani, harusi au kupandishwa cheo ndipo tuombe Misa ya shukrani. Maji yaliyotoka bombani leo, utingo aliyeturudishia chenji yetu yote, mtoto aliyeamka bila homa: hayo ndiyo madarasa ya awali ya shukrani. Jioni, kabla ya kulala, tuyataje mbele ya Mungu matatu tu, kwa majina yake.

Pili, kila shukrani itafutiwe mikono. Bwana wetu, usiku ule aliotolewa, alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, akawapa. Baada ya kushukuru alimega, na baada ya kumega aliwapa. Tukikomea katikati tunakuwa hatujaimaliza Ekaristi yetu. Anayemshukuru Mungu kwa ada ya mwanawe iliyopatikana, atazame pembeni yake kama yuko mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari.

Tatu, na hapa tunarudi kwa mama yetu. Itikio letu halisemi "Namshukuru Mungu". Linasema "Tumshukuru". Lugha yetu ya Kiswahili imeliweka katika wingi, tena kwa namna ya kualikana. Karthago alianza Nartzalus, kisha wote wakaitikia. Na iko siku ambapo wote wanaitikia, lakini mmoja hawezi. Siku hiyo sauti za wengine zinambeba, kama wale watu wanne walivyombeba aliyepooza hata wakamshusha mbele ya Yesu kupitia darini.

Bwana mwenyewe, mbele ya kaburi la Lazaro, alimshukuru Baba yake kwa sauti. Lakini Mwinjili Yohane ametuwekea mpangilio ambao kwa haraka zetu tulisahau siku ile mlangoni pa kanisa: kabla ya kushukuru, Yesu alilia machozi.

Basi, mama yetu, kama utasoma maneno haya au kusomewa: hukutenda dhambi. Sisi ndio tuliokosea kwa kukudai shukrani ambayo kwanza tulipaswa kukusaidia kuibeba. Lia bila haya. Sisi tutaitikia kwa niaba yako hadi sauti yako itakaporudi, hata ikichukua muda mrefu. Na kwa kuwa tumejifunza kwa Deogratias kwamba neno hili lina kazi yake, tumewaomba akina mama wa jumuiya yako wasikuachie jioni peke yako, nasi tutafika kwako juma hili. Tutapiga hodi. Hatutakuja kuhubiri, tutakuja kukaa nawe.

Na sisi wengine, Dominika ijayo, somo litakapokwisha na itikio likatujia ulimini, tugeuze macho kidogo tu kumtazama aliye karibu nasi kwenye benchi. Pengine yeye ndiye leo kinywa kimemgoma. Tuitikie kwa ajili yake pia, na tukitoka nje tusiwe na haraka ya kuondoka.

Mungu awabariki nyote. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.

Tumsifu Yesu Kristo!